UZI: Ndege iliyoundwa kwa ajili ya barua. Short Empire, iliyokuwa ikitua Kisumu, Mombasa, Dar na Lindi

Mwana wa Mingoyo:

Wakuu, salaam.

Marehemu baba aliacha sanduku la bati. Ndani yake, chini ya vyeti na risiti za kodi, nilikuta bahasha aliyotumiwa babu alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Lindi. Ilitoka kwenye chuo kimoja cha Uingereza kilichokuwa kinafundisha utunzaji wa hesabu kwa njia ya posta. Mbele ina stempu ya kahawia ya peni moja na nusu yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita. Mgongoni ina mhuri wa kupokelewa: LINDI, Mei 1938.

Nimekusanya bahasha za zamani kwa miaka mingi, na hii ilinisumbua. Haina kile kibandiko cha buluu cha barua za ndege, na nauli yake ni ndogo mno, peni ileile moja na nusu ambayo mtu wa London alilipa kumwandikia mtu wa mtaa wa pili. Nikadhani imekuja kwa meli. Kumbe hapana. Imekuja kwa ndege, na ndege yenyewe ilitua majini palepale Lindi.

Naomba niwaeleze habari ya ndege hiyo, maana sisi watu wa Kusini tunaambiwa kila siku kwamba Lindi ilikuwa mwisho wa dunia.

Desemba 1934 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mpya wa posta. Barua zote za kawaida kutoka Uingereza kwenda nchi za himaya yake zilizokuwa kwenye njia za ndege zake zisafiri kwa ndege, bila nyongeza ya nauli. Kabla ya hapo, aliyetaka barua yake iende kwa ndege alilipa zaidi na kubandika kibandiko. Sasa kila barua ingepanda ndege, iwe ya gavana au ya karani wa mkonge, mradi isizidi nusu aunsi kwa hiyo peni moja na nusu, yaani gramu 14. Nilipeleka bahasha ya babu duka la dawa wakanipimia. Gramu 9, na karatasi ya ndani nyembamba kama ganda la kitunguu.

Sasa piga hesabu. Ukiamua barua zote za himaya zipae, utazibebea nini? Shirika la Imperial Airways lilikuwa na ndege za mabawa mawili juu na chini, kama Handley Page H.P.42, kubwa na za starehe lakini mwendo wake haukuzidi sana kilomita 160 kwa saa. Hazikufaa. Kwa hiyo mwaka 1935 wakaagiza kwa kampuni ya Short Brothers, mjini Rochester kwenye mto Medway, ndege 28 kwa mkupuo, za aina ambayo ilikuwa bado iko kwenye karatasi. Hakuna aliyewahi kuiona ikiruka. Ya kwanza, Canopus, ilipaa Julai 1936 mikononi mwa rubani wa majaribio John Lankester Parker, na Oktoba mwaka huohuo ilikuwa tayari kazini kwenye bahari ya Mediterania. Ya kujaribia na ya kufanyia kazi ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Tarehe 29 Juni 1937 ndege iitwayo Centurion iliondoka Southampton na barua za kwanza za mpango huo kuja upande wetu wa Afrika.

Nitaendelea na umbo lake. Kama kuna mwenye swali, aulize.

Fundi wa Jahazi:

Mkuu, uzi mzuri. Mimi naunda mashua, kazi ya baba na babu. Swali langu la kwanza: kwa nini majini? Maji ya chumvi yanakula chuma, mawimbi yanapiga, gogo likikugonga umekwisha. Si wangetafuta uwanja?

Mwana wa Mingoyo:

Fundi, swali lako ndilo walilojiuliza wao pia.

Njia ya Afrika ilianza tarehe 28 Februari 1931, London hadi Mwanza. Naam, Mwanza ndiyo ilikuwa mwisho wa safari! Kipande cha Khartoum hadi Ziwa Victoria kilifanywa na ndege za majini za awali, Short Calcutta. Januari 1932 njia ikaongezwa hadi Cape Town kwa ndege za magurudumu kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Hapo ndipo walipoonja masika. Mnajua viwanja vyetu vya udongo mvua ikishuka siku tatu. Ndege nzito inazama kwenye tope kama lori la mkaa, na kadiri ndege inavyokuwa kubwa ndivyo uwanja unavyotakiwa kuwa mgumu na mrefu zaidi. Kujenga viwanja vya namna hiyo kuanzia Misri hadi Durban kungekula fedha na miaka.

Maji hayahitaji kujengwa. Nile ipo, Ziwa Albert lipo, Ziwa Victoria lipo, na kuanzia Mombasa kushuka una bandari za asili zilizotulia. Kinachotakiwa ni boya la kufungia, mashua ya doria ya kusafisha njia, ghala la mafuta na mtu wa redio. Njia ikawa hivi: Southampton, Ufaransa, Italia, Athens, Alexandria, Cairo, Khartoum, Malakal, Butiaba, Port Bell pale Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane, Beira, Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, na Durban. Nairobi, mji mkuu wa koloni, ikarukwa kwa sababu haina maji ya kutosha kutulia. Wa Nairobi walishukia Kisumu na kuunganisha kwa ndege ndogo za Wilson Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake bado liko kwenye uwanja wa Wilson.

Sasa umbo, na hapa Fundi utanielewa kuliko wote.

Adui mkubwa wa ndege ya majini ni rasharasha. Inapokimbia kuruka, maji yanayorushwa na tumbo lake yakipiga panga za injini, panga zinalika na kupinda. Kwa hiyo injini lazima zikae juu sana. Waundaji wengi waliinua bawa kwa nguzo na nyaya juu ya boti fupi, na nguzo hizo zote zinakamata upepo. Mkuu wa usanifu wa Short, Arthur Gouge, alifanya jambo jingine. Aliinua tumbo lenyewe. Kuta za boti akazisimamisha wima kama za nyumba, juu hadi kwenye bawa, na bawa likakaa moja kwa moja juu ya mgongo bila nguzo hata moja. Mita 34.75 kutoka ncha hadi ncha, na ndani ya bawa hilo injini nne za Bristol Pegasus, kila moja na silinda tisa zilizopangwa duara na nguvu ya farasi 920.

Tumbo likiwa refu hivyo, ndani mnapatikana ghorofa mbili, na kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika ndege hii. Urefu ulitafutwa ili panga zisiloe, lakini ukazaa chumba. Chini wakakaa abiria. Juu wakakaa marubani, na nyuma yao, kwenye ghorofa hiyohiyo ya juu, barua. Mapeto ya barua yalisafiri juu ya vichwa vya abiria waliolipa nauli kubwa.

Fundi wa Jahazi:

Ahsante, nimekupata. Na chini kukoje? Ina mkuku? Maana boti ikiwa laini chini bila mkato, maji yanaing'ang'ania, haitoki.

Mwana wa Mingoyo:

Umegusa penyewe. Ina mkuku, ule uti wa chini, na ina mataruma, yaani mbavu, ila ni ya aloi ya aluminiamu, na ngozi yake imepigiliwa ribiti zilizozama zikalingana na bati ili upepo uteleze. Chini, karibu na katikati, kuna kidato, mkato kama ngazi moja. Mwanzo wa kukimbia ndege inalima maji kama jahazi. Ikishika kasi inapanda juu ya maji na kuteleza kwenye kile kidato, sehemu ya nyuma inaachana na maji, hewa inaingia hapo, na ule mng'ang'anio unakatika. Short walikuwa na hodhi lao la majaribio Rochester, wakivuta vielelezo vidogo majini kupima haya kabla ya kukata bati.

Kisha kuna flapu za Gouge. Kwa ndege nyingi za wakati ule, kipande cha nyuma ya bawa kilikuwa kinainama tu. Cha Gouge kiliteleza kwenda nyuma na chini kwa mkunjo, kwa hiyo bawa lilikuwa linapanuka. Nguvu ya kubeba ikaongezeka kama asilimia 30, na mwendo wa kutua ukapungua kama kilomita 19 kwa saa. Kwa tani 18 zinazogusa maji, hiyo ni tofauti ya kutua na kujigonga.

Nyar Kano:

Nipo Kisumu, na nimefurahi kuona mji wetu humu. Niongeze kitu kimoja ambacho watu wa bahari hawakijui. Ziwa letu asubuhi mapema huwa limelala kabisa, kama kioo. Wavuvi wanaipenda saa hiyo. Lakini nilisoma kwamba marubani wa ndege za majini waliichukia. Ni kweli?

Mwana wa Mingoyo:

Dada, ni kweli kabisa, na sababu ni mbili. Maji yaliyotulia yanaing'ang'ania boti. Viwimbi vidogo ndivyo vinavyopenyeza hewa chini ya tumbo, na ndiyo maana wakati mwingine mashua ya doria ilipitishwa mbele kuyatibua maji kwanza. Zaidi ya hapo, Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inapumua kidogo na bawa linashika kidogo. Masafa ya kukimbia yanakuwa marefu.

Na wakati wa kutua, maji ya kioo yanadanganya jicho. Rubani haoni uso wa maji uko wapi. Oktoba 1937 ndege iitwayo Courtier iliangukia maji Athens katika hali hiyohiyo, mwanga na maji tulivu, na watu wakafa. Miezi miwili baadaye Cygnus ilianguka Brindisi kwa kujaribu kuruka flapu zikiwa zimeshushwa kabisa. Mapema mwaka huo Capricornus ilikuwa imegonga mlima Ufaransa kwenye dhoruba ya theluji. Sipendi tuzungumze uzuri wa ndege hii tukaficha hayo. Zilitengenezwa 42 kwa aina zote, na ajali zilikuwa nyingi.

Kalamu ya Wino:

Mkuu, naheshimu kazi yako ya kukusanya. Lakini niseme linalonikera. Hii ilikuwa ndege ya wakoloni. Nani kati ya babu zetu alikaa kwenye viti hivyo? Sisi tulikuwa wabeba mapeto na wapiga makasia. Historia yake tunaisimulia kwa furaha kana kwamba ilikuwa yetu.

Mwana wa Mingoyo:

Ndugu Kalamu, sikubishii. Ilijengwa ili himaya ishikamane, na wala hawakuficha, jina lenyewe ni Empire. Abiria walikuwa maofisa, wafanyabiashara wakubwa na wake zao. Kulikuwa na chumba cha kuvutia sigara upande wa omo, yaani mbele, jiko katikati, na kabla ya kufika shetri, yaani nyuma, chumba chenye reli ya kuegemea dirishani, mtu akasimama akatazama viboko wa Nile huku akinywa kinywaji. Usiku hawakuruka. Walilala hotelini, ingawa ndege iliundwa iweze kuwa na vitanda 16.

Lakini tazama barua zilivyofanya. Ndege iliundwa kwa abiria 24 wa mchana. Barua zikawa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kwenye kazi abiria wakashushwa hadi 17, mizigo ikapanda hadi kama tani mbili. Viti viling'olewa kupisha mapeto. Na ndani ya mapeto hayo kulikuwa na barua ya babu yangu. Yeye hakukaa kwenye kiti, ni kweli, lakini gramu zake 9 zilikuwa na haki sawa na gramu za gavana. Hilo ndilo linalonigusa mimi.

Ndugu wa Bunia:

Bandugu, jambo kwenu wote. Mumesahau ile yetu ya Congo. Corsair!

Tarehe 14 Machi 1939 Corsair ilitoka Durban inarudi Ulaya. Kutoka Port Bell ilitakiwa iende Juba. Kifaa cha redio cha kutafuta mwelekeo kikadanganya, ndege ikapotea upande wa magharibi, ukungu, mafuta yanakwisha. Kapteni alikuwa Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919. Akaona mto mdogo, mto Dungu, karibu na Faradje huku kwetu kaskazini-mashariki. Mto mwembamba kabisa! Akatua. Ilikuwa kutua kuzuri, kisha jiwe chini ya maji likapasua tumbo. Watu wote wakatoka wazima.

Ndege nyingine yoyote ingeachwa pale ioze. Lakini wakatuma mafundi kutoka Short, wakaitengeneza ndani ya pori. Julai wakajaribu kuruka, ikagonga jiwe tena, ikapasuka tena. Wakaanza upya. Safari hii wakaona mto hautoshi, basi wakauziba. Watu wa kule ndio walijenga bwawa, kwa mawe na magogo na udongo, na barabara ya kuletea vifaa. Kambi yao ikakua ikawa kijiji. Maji yakapanda, na tarehe 6 Januari 1940, na vita vimeshaanza Ulaya, rubani Kelly-Rogers akairusha. Miezi kumi.

Ndugu Kalamu ana haki: majina ya wale waliobeba mawe hatuna. Lakini bila wao Corsair isingetoka.

Fundi wa Jahazi:

Kuziba mto ili mashua iruke! Hii nitawasimulia vijana wangu kesho kiwandani.

Nyar Kano:

Na zilikwisha vipi? Sijawahi kuona hata mabaki huku ziwani.

Mwana wa Mingoyo:

Mpango wenyewe wa posta ulikufa Septemba 1939, vita vilipoanza. Peni moja na nusu ikawa historia baada ya miaka miwili na ushei tu. Ndege hazikukoma, lakini. Juni 1940 Italia iliingia vitani na njia ya Mediterania ikafungwa. Hapo pwani yetu ikapata umuhimu ambao haijawahi kuwa nao kabla. Ikaundwa njia iliyoitwa Kiatu cha Farasi kwa umbo lake kwenye ramani: kutoka Durban kupanda Lindi, Dar, Mombasa, Kisumu hadi Cairo, kisha Basra, Karachi, Calcutta, Singapore hadi Sydney. Barua za Uingereza zilishuka Durban kwa meli na kupandishwa kwenye ndege hizi. Singapore ilipoanguka Februari 1942, ncha ya mashariki ikakatwa. Tarehe 3 Machi mwaka huo ndege za Japani zilishambulia Broome, Australia, na mbili za Empire zilizokuwa zimeelea bandarini, Corinna na Centaurus, zikaungua. Kipande chetu kiliendelea hadi vita vikaisha.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoziua. Majeshi yalijenga viwanja vigumu kila mahali, na sababu ya kutua majini ikaondoka. Kufikia 1947 zilizosalia zilivunjwa zikauzwa kama vyuma chakavu, pamoja na ile Corsair iliyojengewa bwawa. Haikubaki hata moja nzima duniani. Ukitaka kuona sura yake, tafuta picha za Short Sunderland, ndege ya kivita iliyotoka kwenye mikono ileile ya Gouge. Hizo zimebaki chache kwenye majumba ya makumbusho.

Kwa watu wa Naivasha: mlizopokea ninyi baada ya vita zilikuwa Short Solent, ukoo mmoja lakini kizazi cha baadaye. Msije mkachanganya kama nilivyochanganya mimi mwanzoni.

Kalamu ya Wino:

Nimekusoma mkuu, na nashukuru kwa jibu la kistaarabu. Naomba kitu kimoja. Hiyo bahasha ina mhuri wa kuondokea? Ilichukua siku ngapi hadi Lindi? Na babu alijibiwa nini?

Mwana wa Mingoyo:

Ndugu Kalamu, ngoja niichukue.

Mhuri wa mbele unasomeka vizuri: 10 Mei 1938. Wa Lindi ni 16 Mei. Ndani kuna karatasi moja iliyopigwa chapa. Wanasema majibu yake ya somo la saba wameyapokea, swali la nne amekosea kwa kuweka deni upande wa mkopo, alirudie.

Nilikuwa sijawahi kuigeuza bahasha kwenye mwanga. Sasa naona kwamba pembeni ya mhuri wa Lindi kuna penseli, hafifu sana, mwandiko wa babu. Ameandika 16, chini yake 10, akapiga mstari wa kutoa. Chini ya mstari: siku 6. Ameipigia mistari miwili, kama makarani wanavyofunga hesabu.